Barua kwa Mhariri: Baiskeli za milimani za chuma zisiharibiwe kwa shokapu na rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu baiskeli ambazo wengi wetu tunazipita kila siku kwenye mabanda ya mitumba bila kuzitazama mara mbili. Nazungumzia baiskeli za milimani za chuma zilizotengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990, zenye tairi nene za inchi 26, gia nyingi, na foki ngumu (uma unaoshika gurudumu la mbele) isiyo na shokapu. Zinaingia nchini ndani ya makontena kutoka Japani na Ulaya, zikiwa zimebanwa pamoja na baiskeli za watoto na zile za kina mama zenye vikapu, na zikishafika hupatwa na moja kati ya mambo matatu: hukatwa zikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, hupulizwa rangi juu ya kutu, au hung'olewa foki yake na kutiwa shokapu ili zipate bei. Hoja yangu ni kwamba jambo hilo la tatu, ambalo muuzaji na mnunuzi wote huliona kuwa ni uboreshaji, ndilo linaloharibu baiskeli hizi kuliko mengine, na kwamba mafundi wetu wa mitaani wanao uwezo wote wa kuzirejesha katika hali yake ya asili endapo kutakuwa na mtu wa kuithamini kazi hiyo.

Anayezidharau hudhani kwamba ni toleo duni la zile zenye shokapu, kana kwamba mtengenezaji aliishiwa fedha kabla hajaimaliza kazi. Sivyo. Baiskeli ya milimani ilizaliwa na foki ngumu na ikakaa nayo kwa zaidi ya miaka kumi. Katika wilaya ya Marin, kaskazini mwa San Francisco huko California, vijana wa miaka ya 1970 walikuwa wakitafuta baiskeli kuukuu za tairi pana, hasa zile za Schwinn zilizotengenezwa miaka ya 1930 na 1940, wakaziondoa mapambo yote, wakazitia breki na gia za kuokoteza, kisha wakashuka nazo kwenye njia za vumbi za Mlima Tamalpais na vilima vilivyo karibu na mji wa Fairfax. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza kushindana kwa saa kwenye mteremko mmoja unaoporomoka karibu mita 400 ndani ya umbali wa kilomita tatu na kitu. Breki za nyingi kati ya baiskeli zile zilikuwa za kukanyaga pedali kinyumenyume, nazo zilichemka kiasi cha kuiunguza grisi yote iliyokuwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, hata ikabidi habu ifunguliwe na kujazwa grisi upya. Ndipo mteremko ule ukapata jina la Repack, yaani "kujaza upya". Mwaka 1977 mmoja wa washindani hao, Joe Breeze, alianza kuunda fremu mpya kabisa kwa ajili ya kazi ile, akitumia mirija ya chuma chenye kromu na molibdeni, na ile ya kwanza aliyoiunda leo imo katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, yaliyo chini ya taasisi ya Smithsonian mjini Washington. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walifungua biashara ya kuuza baiskeli ambazo fremu zake ziliundwa na Tom Ritchey, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, iliyoundwa Japani na kuuzwa kwa dola 750, ambayo ndiyo iliyoitoa baiskeli ya milimani kwenye karakana za watu wachache na kuiingiza madukani. Kwa hiyo mchezo wote huu, pamoja na viwanda vyake vya mabilioni, ulianza kwa vijana kufufua vyuma vilivyokwisha kutupwa, na nadhani fundi wa banda la mitumba ana undugu wa karibu zaidi na watu wale wa Marin kuliko alivyo nao muuza duka wa Ulaya.

Sisi wa Afrika Mashariki tunahusika na historia hii hasa kwa upande wa Japani, kwa sababu sehemu kubwa ya baiskeli nzuri za aina hii zilizotengenezwa katika miaka ya 1980, hata zilizobandikwa majina ya Kimarekani, ziliundwa huko. Mji wa Sakai, jirani na Osaka, ulisifika kwa karne nyingi kwa ufuaji wa visu na bunduki, na ni ustadi huohuo wa kufua vyuma uliohamia kwenye vipuri vya baiskeli. Shimano ilianzishwa mjini humo mwaka 1921, na mwaka 1982 ikatoa Deore XT, seti yake ya kwanza ya vipuri iliyobuniwa mahususi kwa ajili ya baiskeli za milimani. Mshindani wake, SunTour, ndiye aliyekuwa amebuni mapema, mwaka 1964, ule mtindo wa kibadilisha gia cha nyuma kinachosogea kimshazari ambao karibu kila baiskeli ya gia duniani iliufuata baadaye. Mirija ilitoka Tange na Ishiwata, rimu zilitoka Araya, na fremu ziliunganishwa na makampuni kama Bridgestone, Panasonic, Fuji na Miyata, na hao Miyata nao chimbuko lao lilikuwa kiwanda cha bunduki. Kisha ukaja mkataba wa Plaza wa Septemba 1985, ambao mataifa tajiri yalikubaliana kuishusha thamani ya dola, thamani ya yeni ikapanda mno dhidi ya dola, na kazi ya kuunda fremu ikaanza kuhamia Taiwan mwaka hadi mwaka. Fremu ya Kijapani ya kipindi kile, kwa hiyo, ni kazi ya viwanda vilivyokuwa kwenye kilele cha ustadi wao na ambavyo havikudumu hapo kwa muda mrefu. Bridgestone, iliyokuwa na baiskeli za mfululizo wa MB zinazotafutwa sana na wakusanyaji, ilifunga biashara yake ya baiskeli Marekani mwaka 1994.

Mtu asiye na kitabu wala mtaalamu wa kumuuliza anaweza kuujua umri wa baiskeli iliyo mbele yake kwa dakika chache tu. Kwenye vipuri vingi vya Shimano vya wakati ule kumegongwa herufi mbili ndogo, aghalabu nyuma ya mkono wa krenki (ule unaoshika pedali), upande unaoelekea fremu, au ndani ya mikono ya breki. Herufi ya kwanza ni mwaka, ambapo A ni 1976, B ni 1977 na kuendelea hivyo. Herufi ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari na L ikiwa Desemba. Ukikuta NE, basi kipuri hicho kilitoka kiwandani Mei 1989. Herufi zikikubaliana kwenye krenki, breki na kibadilisha gia, huenda una baiskeli ambayo haijaguswa tangu ilipofungwa, na hilo kwa mkusanyaji lina uzito kuliko rangi inayong'aa. Futa vumbi na grisi iliyoganda kwa tambara lenye mafuta ya taa na utaona. Inasikitisha kwamba hatua ya kwanza katika mabanda mengi huwa ni msasa na kopo la rangi ya kupuliza, kabla mtu hajasoma chochote kilichoandikwa kwenye chuma chenyewe, na nembo ya mirija iliyobandikwa karibu na kiti, ambayo ndiyo ingetuambia fremu ni ya thamani au ni ya kawaida, huwa ya kwanza kukwanguliwa.

Sasa niingie kwenye shokapu. Shokapu za mbele zilianza kuuzwa kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika mashindano ya kwanza rasmi ya dunia, yaliyofanyika Durango, Colorado, mwaka 1990, Greg Herbold alishinda mbio za kuteremka akiwa na shokapu ya RockShox, na mchezo ulipoingia Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 foki ya namna hiyo lilikuwa jambo la kawaida. Sina ugomvi na maendeleo hayo. Lakini baiskeli iliyobuniwa kwa ajili ya shokapu ina fremu ya vipimo tofauti. Foki ngumu ya miaka ya 1980, ukipima kutoka ekseli ya gurudumu hadi mahali inapokutana na fremu, ina urefu wa karibu milimita 395, ilhali shokapu za bei nafuu zinazofungwa leo huweza kufika milimita 450 na zaidi. Kila milimita 20 unazoongeza hapo huulaza mrija wa mbele, ule mfupi wa fremu unaopitisha foki, kwa takriban digrii moja, hivyo kwamba fremu iliyotoka kiwandani ikiwa na digrii 71 hujikuta na digrii 68, na mwendeshaji akaanza kulalamika kwamba usukani umekuwa mzito na hauitiki, gurudumu la mbele linainuka anapopanda kilima, na kiti kimelalia nyuma. Tena shokapu hizo nyingi ndani yake mna springi tupu isiyo na kitu cha kuituliza, zina uzito wa kilo mbili na nusu hivi mahali palipokuwa na foki ya karibu kilo moja, na baada ya masika mawili vumbi na maji huwa yameingia, zikakwama zisishuke wala zisipande. Kinachobaki ni foki ngumu kama ile ya zamani, ila nzito zaidi na ndefu kupita kiasi.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana mara moja. Foki inapokuwa ndefu, nguvu inayosukuma mrija wa mbele huongezeka, na pale mrija huo unapokutana na mrija wa chini wa fremu ndipo nyufa huanzia. Zaidi ya hayo, fremu nyingi za miaka ya 1980 zina mrija wa mbele unaopokea foki yenye shina la inchi moja, wakati shokapu nyingi ni za inchi moja na moja ya nane, na wapo wanaothubutu kuutanua mrija kwa tupa au kuugonga kwa bomba la chuma ili shokapu iingie. Fremu iliyofanyiwa hivyo haina namna ya kurudi ilivyokuwa. Foki yake ya asili, wakati huohuo, imekwisha kutupwa kwenye rundo la chuma chakavu, ingawa iliundwa kwa mirija myembamba inayonyumbuka kidogo kila gurudumu linapokutana na jiwe, na ikisaidiwa na tairi la upana wa inchi mbili lisilojazwa upepo hadi likawa gumu, inatosha kabisa kwa barabara zetu za changarawe. Wanaopanda kutoka hapa Morogoro kuelekea vijiji vya milima ya Uluguru kwa baiskeli za foki ngumu wanalijua hili bila kuambiwa na mtu.

Chuma cha fremu hizi si kile cha Phoenix au cha Swala tuliyoikulia, ambacho ni kinene na kinastahimili kupigwa nyundo. Ni aloi yenye kromu isiyozidi asilimia moja hivi, molibdeni karibu asilimia 0.2 na kaboni karibu asilimia 0.3, ambayo nguvu yake ilimwezesha mtengenezaji kuupunguza unene wa mrija bila kuudhoofisha. Katika fremu nzuri mrija una unene wa milimita 0.9 kwenye ncha zake, mahali panapounganishwa, na 0.6 tu katikati. Naomba mafundi wanaosoma barua hii waishike namba hiyo ya pili. Grinda ya umeme ikipitishwa kwa sekunde chache kuondoa rangi ya zamani inaweza kula sehemu ya kumi ya milimita au zaidi, na mwenye fremu asijue chochote hadi siku itakapokunjika. Rangi iondolewe kwa dawa ya kuondolea rangi na brashi, na msasa uwe laini, wa kusugua kwa mkono. Wala maji ya betri yasitumiwe kutoa kutu, kwa maana hayachagui. Hula kutu na chuma kilicho chini yake, na yakibaki ndani ya mirija huendelea kula. Asidi ya ndimu ya unga iliyoyeyushwa kwenye maji ya vuguvugu hufanya kazi hiyo kwa upole, mradi kifaa kisuuzwe vizuri baadaye, kikaushwe juani na kupakwa mafuta siku hiyohiyo.

Napenda kukaa kidogo kwenye mambo mawili ambayo huziua fremu nyingi mikononi mwa watu wenye nia njema. La kwanza ni bomba la kiti lililogandia ndani ya fremu. Bomba hilo aghalabu ni la aluminiamu na fremu ni ya chuma, na metali hizi mbili zikikutana penye unyevunyevu, hasa wa pwani wenye chumvi, huathiriana hadi aluminiamu ikavimba na kufanya ukoko mweupe unaolibana bomba lisiende juu wala chini. Kuligonga kwa nyundo huukunja mrija. Kulizungusha kwa nguvu kwa spana ya bomba huweza kuipinda fremu nzima. Kazi hii inahitaji subira: mafuta ya kupenya yatiwe juu, kisha fremu ipinduliwe, ifunguliwe ekseli ya pedali na mafuta yatiwe kwa chini, iachwe kwa siku kadhaa, ndipo ijaribiwe kwa kuzungusha polepole huku na huku. Ikishindikana, bomba hukatwa juu na kupasuliwa kwa ndani, kwa urefu wake, kwa ubamba wa msumeno wa chuma, kwa uangalifu ili meno yasiufikie mrija, kisha hukunjwa na kutolewa vipande. Wengine hutumia soda kali, ambayo huyeyusha aluminiamu na kukiacha chuma salama, lakini hutoa gesi inayoweza kulipuka na huunguza macho na ngozi, kwa hiyo simshauri mtu aifanye uani penye watoto. Na bomba jipya likiingia, lipakwe grisi. Aliyeliacha kavu ndiye aliyelisababisha hili lote. Bomba hilo jipya liwe la kipimo sahihi pia, kwa maana yako ya milimita 26.8, ya 27.0 na ya 27.2, na lile linaloingia kwa kulegalega likibanwa kwa nguvu huipasua sikio fremu.

La pili ni vikombe vya ekseli ya pedali. Katika fremu hizi za Kijapani, na za Kiingereza vilevile, kikombe cha upande wa cheni kina uzi wa kinyume, yaani hufunguka kwa kuzungushwa kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Fundi asiyelijua hili huweka bomba refu kwenye spana yake, huomba msaada wa vijana wawili, na kwa jitihada zake zote anazidi kukikaza kikombe hadi uzi unapong'oka. Pedali ya kushoto nayo ina uzi wa kinyume, lakini hilo mafundi wetu wengi wanalifahamu.

Kinachonipa matumaini ni kwamba kazi hizi zote ni za aina ambayo tayari inafanywa chini ya miembe na kwenye vibaraza vya miji yetu. Fremu ya aluminiamu ikipasuka, kuichomelea kunahitaji mashine maalumu na mara nyingi kuipitisha tena kwenye tanuri ili irudiwe na nguvu yake, jambo ambalo karakana za mtaani haziliwezi. Fremu ya nyuzi za kaboni ndiyo kabisa. Lakini chuma huunganishwa kwa shaba nyeupe au kwa fedha kwa moto wa gesi, na fundi anayejua kuunganisha mikono ya baiskeli ya mizigo anaweza, akijifunza kupunguza moto kwa ajili ya mirija myembamba, kuunganisha sikio la nyuma lililovunjika, lile linaloshika ekseli ya gurudumu, la fremu iliyotoka Sakai au Osaka. Gololi, grisi, spoki na nyaya za breki ziko kila mahali. Tena kuna jambo ambalo wakusanyaji wa Ulaya wangetuonea wivu: huko kwao baiskeli mpya za milimani zimehamia magurudumu ya inchi 27.5 na 29, na tairi bora za inchi 26 zimeanza kuwa za kutafuta, wakati kwetu tairi, tyubu na rimu za kipimo hicho zinauzwa hata kwenye maduka ya vijijini. Tahadhari iwe moja tu, kwamba rimu ya baiskeli ya milimani ina kipenyo cha milimita 559 na ile ya baiskeli za kina mama za Kijapani zilizoandikwa inchi 26 kwa 1 3/8 ni ya 590, hivyo tairi zake haziingiliani hata zikiitwa zote ishirini na sita.

Najua nitajibiwa kwamba baiskeli ni chombo cha kazi, kwamba mtu anayebeba magunia ya mkaa, ndoo za maji au kreti za soda hana muda wa kusoma herufi nyuma ya krenki, na kwamba habari za kukusanya na kurejesha vitu vya zamani ni anasa ya watu walioshiba. Naikubali nusu ya hoja hiyo. Baiskeli inayompatia mtu mkate wake haipaswi kuchukuliwa ikatundikwe ukutani, na mimi mwenyewe sioni raha ya baiskeli isiyotembea. Lakini anayeibebea mizigo ndiye hasa anayepaswa kuijali foki yake ngumu, kwa maana shokapu hulalia upande mmoja mzigo unapozidi, na kiti cha mizigo cha mbele hakiwezi kufungwa juu yake kwa usalama. Fremu nyingi kati ya hizi zina matundu yenye uzi, karibu na ekseli, mbele na nyuma, yaliyowekwa tangu kiwandani kwa ajili ya kufungia karia na madigadi, jambo ambalo baiskeli za mbio za milimani za leo nyingi hazina. Kwa hiyo kuirejesha katika hali yake ya asili na kuitumia kwa kazi si mambo yanayopingana. Ninachokataa ni ile nusu nyingine inayosema kwamba vitu vya ufundi vina thamani ya kihistoria vikiwa kwa Wazungu tu, na vikifika kwetu vinakuwa chuma chakavu.

Wala sisemi kila fremu iokolewe. Nyingi zinazofika ni za chuma cha kawaida, nzito, zilizotengenezwa kwa haraka kwa ajili ya maduka makubwa, na hizo zinaweza kupakwa rangi yoyote na kutumika hadi zichoke. Fremu iliyopasuka kwenye mrija wa mbele au iliyoliwa na kutu kwa ndani, ambayo ukiigonga kwa ukucha hutoa sauti ya kopo lililotoboka, iachwe iende. Nyufa kwenye foki zisichomelewe kwa hali yoyote, maana foki ikivunjika mtu huanguka kwa uso. Ninazungumzia ile moja katika rundo ambayo nembo yake inasema Tange au Ishiwata, ambayo maungio yake ni laini, na ambayo ukiinyanyua kwa mkono mmoja unashangaa wepesi wake.

Ombi langu kwa waagizaji na wauzaji wa mitumba ni dogo. Kabla ya kuagiza kijana apulize rangi, mtazame nembo ya mirija na namba iliyogongwa chini ya fremu, na mkiona ni ya aina niliyoieleza, muiweke kando na muiuze kama ilivyo, pamoja na foki yake na vipuri vyake hata kama gia hazifanyi kazi. Hamtapata hasara, kwani gharama ya rangi na shokapu mtakuwa mmeiokoa, na wanunuzi wapo. Vijana wa vyama vya waendesha baiskeli wa Arusha, Dar es Salaam na Nairobi wanatafuta fremu za namna hiyo. Kwa vyuo vya ufundi stadi, ningependa kuona somo la kuunganisha mirija myembamba kwa fedha na shaba likifundishwa kwa kutumia fremu hizi, ambazo hata zilizoharibika zinafaa kwa kukatwa na kuonesha namna unene wa mrija unavyobadilika kutoka nchani hadi katikati. Na kwa mafundi, msione aibu kumwambia mteja kwamba foki yake haihitaji kubadilishwa. Akisisitiza na kulipa, mfungieni hiyo shokapu, lakini ile ya zamani mfungeni kwa waya kwenye fremu aondoke nayo nyumbani, kwa sababu foki iliyokatwa kwa urefu wa fremu ile na kupakwa rangi pamoja nayo kiwandani haipatikani tena dukani.

Naomba kuwasilisha.

Msomaji wako,
Bigwa, Morogoro